Koti la Masjala

Asubuhi hiyo Zaituni Shemhilu, karani wa masjala, alikemewa mbele za watu. Alikuwa ameweka faili la mtu kwenye kabati la marehemu, na mwenye faili akaja kulalamika akiwa mzima wa afya. Miaka mitatu sasa mwili wa Zaituni ulikuja kazini, roho ikabaki Lushoto kwa mama yake, anayepofuka kwa presha ya macho. Mama aliomba jambo moja tu, aione sura ya bintiye kabla giza halijatimia. Likizo alikuwa nayo, ila aliogopa ofisi ingegundua inaweza kuishi bila yeye. Basi mchana, koti lake likiwa limetundikwa kitini ili bosi akipita aseme yupo, akaenda kwenye meza iliyo nyuma ya makabati, akaiinamia na usingizi ukamchukua.

Subhana! Akajiona katika bonde lisilo na mwisho, viti vimepangwa hadi mawinguni, na kwenye kila kiti koti tupu likigonga mihuri na kukohoa kama mtu. Uso haukuwepo hata mmoja. Mtawala wa nchi hiyo, Bwana Mwakani, alipita akiyapangusa makoti vumbi mabegani. "Hongereni kwa kuwepo!" akayasifu. Zaituni akaliona na lake, linachapa kazi kumshinda yeye, akarudi nyuma.

Bibi mmoja mrefu, mtulivu, jina lake Pumziko, akamshika mkono. "Usiliogope koti, mwanangu. Njoo uwaone wageni wako."

Nje ya lango walisimama wanawake themanini na wanne, siku zake zote za likizo za miaka mitatu, kila mmoja na taa mkononi. Taa za mbele zilikuwa zimezimika, za katikati zikifuka moshi. Huko mwisho chache ziliwaka bado, na ndani ya mwanga wake aliuona ua wa kwao na mama ameketi, akimtafuta kwa macho. Uzuri wa mwanga ule ulimliza.

"Nani kazizima hizi?"

"Hakuna. Walibisha hodi, wakajibiwa na koti."

"Na zilizobaki, zitanisubiri?"

"Siku haijui kusubiri, mwanangu. Inajua kupita tu."

Alizinduka mikono imelowa machozi. Akaichukua fomu ya likizo, akaipeleka moja kwa moja kwa bosi.

"Sasa masjala nimwachie nani?" bosi akauliza.

"Liachie koti langu, mkuu. Ndilo lililokuwa likifanya kazi."

Kisha akampigia mama yake. "Mama, naja kesho kutwa."

"Njoo mchana, mwanangu," mama akasema. "Jua likiwepo, bado nitakuona."