Besi Kwenye Lango la Wakwe

Mutahi alipoamua kumwoa Kabura wa Karatina, hakuanza kwa kutafuta mbuzi. Alianza kwa kutafuta spika.

Mimi ni Wakonyo, dada ya mama yake. Mama yake alifariki Mutahi akiwa bado anatambaa, nikamlea nyumbani kwangu Ruring'u, na tangu ajue kusema ananiita tata, kama Wakikuyu wanavyomwita dada ya mama. Sijawahi kulalamika. Mwaka huo wa tisini na sita alikuwa karani kwenye kiwanda cha chai, mwenye gari kuukuu la Pijo na kichwa kigumu ambacho sijui alikirithi kwa nani.

Kwetu, siku ya kupeleka mahari, lango la wakwe hufungwa. Wanawake wa upande wa kijana husimama nje wakaimba, wa ndani huwajibu kwa nyimbo za maswali, na haingii mtu mpaka wa ndani waridhike. Binamu yake Ken alipooa, mimi ndiye niliyeongoza. Sauti ikanikauka katikati ya wimbo, nikakohoa hadi watu wakacheka. Mutahi hakusahau.

"Tata, this time hakuna kusumbuka," akaniambia. "Nimerekodi kwaya moja kali sana. Nitaweka kwa gari na besi. Wewe utakaa tu, upigwe picha."

"Ati nikae?"

"Si koo yako iko na shida?"

Niliumia. Koo ni langu, na mtoto nimemlea mimi.

Jumamosi nzima Pijo ilikaa uani imevuliwa viti. Spika mbili za inchi kumi na mbili aliziingiza kwenye sanduku la plaiwudi, akaziba kila pembe kwa gundi ili hewa isitoke. Waya mnene mwekundu ulitoka kwenye betri, ukapitia fyuzi, ukajificha chini ya zulia hadi kwenye amplifaya ndani ya buti. Waya mweusi akaufunga kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa. Nilimshikia tochi, maana hasira ni hasira na kazi ni kazi. Alipofungulia muziki, sufuria zangu zikacheza kwenye rafu, na kuku aliyekuwa akiatamia akatoka mbio.

"Na betri itaweza?" nikauliza.

"Engine ikiwa on, alternator inajaza. Usijali, tata."

Siku ikafika. Tulisimama nje ya lango la akina Kabura, mimi na wenzangu watatu na vikapu vyetu. Mutahi akaileta Pijo kinyumenyume, akafungua buti. Lakini gari lile lilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na wazee waliokaa ndani wakaanza kupiga chafya. Akazima injini. Kanda ikaendelea kuimba, besi ikapiga hadi lango la mabati likatetemeka, na watoto wa jirani wakashangilia. Nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Hata kiuno changu kilianza kunisaliti.

Wanawake wa ndani waliongozwa na Jeniffer, shangazi yake Kabura. Wakangoja ubeti uishe, wakauliza kwa wimbo: mmetoka wapi? Kanda ikajibu kwa kusifu mvua. Wakauliza: mmetubebea nini? Kanda ikaendelea na mvua yake.

"Hiyo kwaya yenu ni kiziwi?" Jeniffer akapaza sauti, na kicheko kikavuka ua.

Mutahi akaongeza sauti, kana kwamba shida ilikuwa kusikika. Amplifaya ikafyonza kilichobaki kwenye betri. Waimbaji wakaanza kuburuta maneno, besi ikakata, taa ya redio ikazimika. Akazungusha ufunguo. Pijo ikalia tik, basi.

Ndipo Jeniffer akaimba swali la tatu, polepole, na sasa hakuwa anacheka: kijana huyu ameletwa na mama yupi? Binti yetu tutamkabidhi nani?

Sauti nilikuwa nayo. Lakini ningejibu nini? Mama yake amelala kaburini, na mimi ni tata. Cheo cha mama hakuna aliyewahi kunipa, na si kitu cha kujipa mwenyewe mbele ya wakwe. Wenzangu wakanitazama. Niliogopa kwamba tungerudi Ruring'u na vikapu vyetu, na kosa likawa langu.

Mutahi, aliyekuwa ameinamia betri, akainuka na grisi yake mikononi. Akaimba. Wanaume hawaimbi langoni, na huyu hajui kuimba hata kanisani. Sauti ilikwaruza, ikapanda mahali pa kushuka, lakini kila neno lilisikika.

"Mama yangu ni Wakonyo. Amenibeba mgongoni, amenilisha, na leo amenileta. Mkabidhini yeye."

Vigelegele vikalipuka ndani. Komeo likavutwa, na Jeniffer akatoka akiwa amenyoosha mikono.

"Mama Mutahi," akasema, "mbona unasimama nje ya kwako?"

Nililia mbele ya wakwe wote, wala sikuona haya. Kisha nikampa kikapu kwa mikono miwili, kama mama wa kijana anavyofanya, nikaingia wa kwanza.