Samaki Chini ya Blanketi

Utando mwekundu ulikuwa umevamia mawe ya tangi la mjomba lenye samaki mmoja wa baharini. Akatia dawa, akazima taa, akalifunika kwa blanketi siku tatu. "Pampu ya hewa isizimwe hata dakika," alituonya. "Dawa hii inamaliza hewa majini."

Siku ya tatu asubuhi nilificha spika nyuma ya tangi, na samaki akamwambia bibi kwa sauti nzito: "Nimewasamehe nyote." Bibi alimwaga chai, nami nikacheka hadi mbavu zikauma.

Saa sita mchana, mjomba aliposhika ncha ya blanketi, nilikumbuka kwamba ili kuchomeka spika nilikuwa nimechomoa waya wa pampu. Mjomba alikuwa amemlea samaki yule miaka tisa. Nilianza kutunga risala ya mazishi, yake au yangu.

"Mjomba, ngoja kidogo!"

"Ningoje nini, we mtoto?"

Akafunua. Mawe yalikuwa safi, lakini samaki alielea kiubavu, akitweta juu ya maji. Niliuchomeka waya wa pampu. Viputo vikapanda, na taratibu samaki akajiinua.

Mjomba akaitazama spika nyuma ya tangi, kisha akanitazama mimi. Bibi akasogeza sikio kwenye kioo.

"Anasema amewasamehe wote," akatangaza, "isipokuwa mmoja."