Nywele za Mke Mdogo

Dada yangu ana majina matatu. Nyumbani ni Dada. Jukwaani, alipokuwa rapa, aliitwa Shubiri, kwa sababu maneno yake yalikuwa machungu lakini yanatibu. Hayo alisema mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa. Barabarani anaitwa Mke Mdogo, na hilo hakulichagua.

Mke Mdogo ni mtu wa kwenye tamthilia. Dada aliitwa kuigiza kwa wiki moja tu. Alitakiwa kugonga mlango na sanduku mkononi, aseme yeye ni mke wa pili wa mwenye nyumba, kisha alie. Hakulia. Alimtazama mke mkubwa kuanzia kidole cha mguu mpaka kilemba, akauliza bafu liko wapi. Watu walicheka nchi nzima. Miaka minne imepita na bado hajatoka katika nyumba ile.

Hata sokoni hapumui.

"Wee Mke Mdogo!" muuza nyanya anamwita. "Mrudishe mume wa watu!"

"Mchukue, mama, anakoroma," Dada anajibu. Watu wanaangua kicheko. Tukipita kona, uso wake unashuka kama pazia lililokatika kamba.

Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ni kumsuka. Unaweza kudhani ni kazi ndogo. Lakini tamthilia hairekodiwi kwa kufuata hadithi. Leo anarekodiwa akiingia mlangoni, na kutoka kwake kunarekodiwa baada ya mwezi. Kwa hiyo nywele lazima ziwe zile zile, hata vumbi kwenye kiatu liwe lile lile. Yuko mama mmoja ambaye kazi yake ni kulinda hayo, anapiga picha kila kitu na kuzibandika kwenye daftari. Tunamwita Jicho.

Msimu huu Mke Mdogo alikuwa hospitali, akimuuguza mume. Mtindo wa nywele ulikuwa mpya: misuko kumi na sita inaanza juu ya sikio la kushoto, inapanda kichwani na kuangukia bega la kulia. Mara ya kwanza alisukwa na msusi wa saluni. Baada ya mapumziko ya mwezi ilikuwa zamu yangu, na Jicho alikuwa amelazwa na homa, daftari lake kalifungia. Dada akanitumia picha aliyojipiga mwenyewe kwa simu siku ile ya saluni.

Niliifuata picha ile kama mtu anayeshona juu ya chaki. Nilihesabu misuko, nikapima kwa kidole. Dada alikaa chini kati ya magoti yangu, macho kayafumba, midomo inacheza. Alikuwa akinong'ona mashairi yake ya zamani. Jumamosi ile alikuwa apande jukwaani kwa mara ya kwanza tangu awe Mke Mdogo. Marapa wa zamani walikuwa wakutane kwenye ukumbi wa michezo, saa kumi alasiri, na aliyewaandaa ni Nyundo, rapa aliyeanza naye. Mara mbili alikuwa ameshamwita na mara mbili Dada hakwenda. Safari hii Nyundo alimwambia bila kupepesa macho: "Usipokuja, jina lako sitaliandika tena popote."

Walirekodi Jumatano na Alhamisi. Ijumaa Jicho akarudi kazini na koti zito, akatazama vipande kwenye skrini, akasimama.

"Huyu mtu kageuka," alisema.

"Nani kageuka?" mwongozaji akauliza.

"Mke Mdogo. Kaingia getini nywele ziko bega la kulia. Kafika kitandani kwa mgonjwa ziko la kushoto. Kwani hospitali hiyo wanatibu au wanapindua watu?"

Nilikuwa nimekaa pembeni na kitana changu. Nikaitoa simu yangu, nikaitazama tena picha ya Dada. Simu yake, mtu akijipiga, inamwonyesha kama kioo kinavyomwonyesha. Kushoto kunakuwa kulia. Nilikuwa nimeisuka sura ya kwenye kioo.

Mwongozaji hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba matukio sita yatarudiwa kesho, Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka yaishe. Kila mtu alijua matukio sita ni mpaka jioni.

"Nani kasuka?" akauliza.

"Mimi ndiye niliyetuma picha," Dada akasema haraka. "Niulize mimi."

Njiani hakunilaumu. Alisema, "Maji yakimwagika hayazoleki," akaegemeza kichwa dirishani. Jioni ile nilifumua misuko yote kumi na sita, nikaisuka tena upande wake. Hakunong'ona chochote. Nilijua nimemfungia mlango ambao haufunguliwi mara nne.

Jumamosi tulifika mapema. Chumba cha hospitali kilikuwa kuta tatu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, kitanda cha chuma, na bango ukutani: USIPIGE KELELE. Nilipokuwa nikimpaka mafuta ya nywele, niliona kwenye kioo cha vipodozi nywele zinaangukia upande wa makosa. Nikawaza, kama kioo ndicho kilichogeuza, si kioo kigeuze tena?

Mhariri wa picha ana chumba chake nyuma, kidogo kama kabati. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Mimi kuongea na watu huwa ni kama kumeza dawa bila maji.

"Unataka chaja?" akaniuliza bila kugeuka, akitafuna karanga.

"Hapana, kaka. Nauliza tu. Ile picha... haiwezi kugeuzwa? Kulia iende kushoto?"

Akaacha kutafuna. Akabonyeza kitu, na Dada wa Alhamisi akahamia upande wa pili wa skrini, nywele juu ya bega la kulia.

"We mtoto," akasema taratibu, "umesomea wapi?"

Niliinamisha kichwa, maana jibu lake ni fupi: niliishia darasa la tano. Alikwenda kumwita mwongozaji na Jicho, wakabanana mle ndani.

"Shati la mume litakuwa na vifungo upande wa kike, kama blauzi ya mkewe," Jicho akanung'unika.

"Mgonjwa huyo. Mgonjwa huvishwa chochote," mwongozaji akasema. "Na kovu la Mke Mdogo kwenye nyusi?"

"Litahama. Nitajua mimi tu, na nitakufa nalo."

Matukio matano yaligeuzika. Moja tu lilikataa, kwa sababu ya lile bango. Maandishi yalisomeka kinyumenyume. Likarudiwa hilo peke yake. Dada alimlisha mume uji, akamtishia, akamfuta mdomo, na kabla ya saa saba mchana kazi ilikuwa imekwisha. Mwongozaji akapiga makofi.

"Gari liko nje, Shubiri," akasema. Hakuwa amewahi kumwita jina hilo. "Nenda kawachome."

Watu walitoka kwenda kula. Mimi nilikusanya vitana, furaha imenijaa kifuani. Nilipogeuka, Dada alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa.

"Dada, dereva anangoja."

"Namsikia."

"Utabadilisha nguo huko huko?"

Akachukua simu, akampigia Nyundo. Sauti ya Nyundo haihitaji spika, nilimsikia pale niliposimama.

"Uko wapi? Foleni?"

"Hakuna foleni."

"Basi hao watu wa tamthilia wamekushika."

"Wameniachia. Niko huru tangu sasa hivi."

"Unaumwa?"

"Siumwi, Nyundo. Nimechoka."

"Ah! Nani hajachoka? Mimi nina magoti ya mzee, na leo nitaruka. Njoo bwana, watu wamekuja kwa ajili yako."

"Wamekuja kumwona Mke Mdogo akirap. Nitafika, watanicheka kidogo, nitasema maneno ya msichana wa miaka kumi na tisa. Yote ninayo kichwani, hakuna hata moja lililopotea. Ila yule msichana alikuwa na hasira. Mimi hasira yenyewe siikumbuki."

Nyuma ya Nyundo kulikuwa na mtu anajaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

"Niwaambie nini?" akauliza mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kazi imekubana?"

"Usiwadanganye. Kila mara nimesema ni kazi, au koo. Leo waambie Shubiri amechoka na hana jipya. Na jina langu litoe, kama ulivyosema."

"Litatoka."

"Asante."

Akaiweka simu kifudifudi kwenye shuka. Nilidhani atalia, akapiga miayo mirefu, mpaka machozi yakamtoka kwa miayo.

"Nilikuwa nimekufungulia njia," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya lawama, sikuikusudia.

"Umenifungulia, mdogo wangu. Jana ningesema ni nywele, na ningeamini. Leo sina wa kumsingizia." Akajilaza, viatu vya Mke Mdogo miguuni. "Nifumue. Zinanivuta."

"Jumatatu zitahitajika."

"Jumatatu utasuka tena."

Nilikaa upande wa kichwa chake, nikaanza na msuko wa juu ya sikio. Sikuwa nimemaliza wa tatu alipolala, mdomo wazi, anakoroma kuliko mume wa watu.

Fundi seremala aliingia na nyundo na ngazi, amekuja kubomoa hospitali ili wajenge mahakama ya wiki ijayo. Akasimama akimtazama.

"Huyu kafa kwenye hadithi?"

"Hapana. Kalala."

"Kweli, au anaigiza?"

"Kweli."

Akakuna kichwa, akaipeleka ngazi upande wa pili, akaanza na ukuta wa mbali.