Siku Elvio Alipokuja na Trela

Habari za klabu yetu ya glaida hapa Colonia Vignolo huandikwa na mume wangu Elvio Bertorello, na hutoka kwenye gazeti la mji kila Alhamisi, kati ya bei ya soya na matangazo ya misiba. Wiki hii kazi hiyo amenisukumia mimi. Anasema kidole gumba kinamuuma. Kidole hakina lolote, mimi nimekiangalia, lakini nimekubali kwa sababu habari yenyewe ni yangu na naipenda.

Kwa asiyejua, glaida ni ndege isiyo na injini. Ndege ndogo ya kuvuta huipandisha kwa kamba, rubani anaachia kamba, kisha anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini na kuzunguka humo kama wafanyavyo tai. Akiikosa, anashuka popote alipo: kwenye mahindi, kwenye malisho, kwa watu asiowajua. Hapo ndipo mtu huja na gari na trela, glaida inavuliwa mabawa, inapakiwa, inarudi nyumbani. Kwa upande wa Elvio, mtu huyo nimekuwa mimi tangu tulipooana. Nimemfuata kwa gari huku chini wilaya nzima, redio imewashwa, vumbi puani, na ukisoma gazetini utakuta ameandika: "Bertorello alitua salama karibu na bwawa, glaida ikarejeshwa." Ikarejeshwa! Utadhani ilirudi yenyewe kwa miguu.

Watoto walipohama nikaanza kujifunza kuruka. Mwalimu wangu ni Oreste Giacosa, ambaye pia ndiye rubani wa ndege ya kuvuta, mzee mkavu asiyependa maneno. Alinipa ruhusa ya kuruka peke yangu mwaka jana. Ila klabuni kwetu, hata uruke peke yako namna gani, kama hujakwenda kilomita hamsini mbali na uwanja unahesabiwa mwanafunzi. Unazunguka juu ya banda la nyama choma kama nzi na kushuka unapoitwa. Nami nilikuwa nimechoka kuwa nzi.

Sasa, glaida pekee ya klabu yenye kiti kimoja ni Gringa, kikongwe cha mbao na kitambaa, na kamati ilikuwa imeshaiuza. Wanunuzi walikuwa wanakuja kuichukua Jumatatu. Hizo nyingine ni za watu binafsi, kama ile ya Elvio, nyeupe, inayong'aa, ambayo hata kuiosha haniruhusu mpaka kwanza anivue pete kidoleni kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo ilikuwa ama Jumamosi ile, ama nisubiri kamati inunue nyingine. Kwa mwendo wa kamati yetu, ningeshazikwa.

Mpaka wangu ulikuwa reli ya Quiñones. Ukiivuka, umemaliza hamsini. Ukishuka upande huu wa reli, hata kama ni kwa umbali wa kutupa kofia, hujafanya kitu.

"Delmira, mama, upepo wa leo sio," Elvio akaniambia huku akigeuza mbavu za ng'ombe kwenye makaa.

"Ulisema hivyo Jumamosi iliyopita, na ile ya kabla yake."

"Na zote hazikuwa nzuri."

"Wewe uliruka zote mbili, Elvio."

Waliokuwa mezani wakacheka. Yeye akajitia hamnazo, akamwagia nyama chumvi.

"Nikishuka njiani, nani atakuja na trela?" nikauliza.

"Mimi, nani mwingine?"

"Unajua inavyofungwa kwenye gari?"

"Mke wangu, nimevuka milima kwa kiti cha glaida, nitashindwa na trela?"

Desturi yetu ni kwamba rubani akishaondoka, wa trela naye anaondoka, hapo hapo, bila kungoja kuitwa. Nilipoachia kamba ya Oreste na kuelekea kusini, nikachungulia chini. Gari letu lilikuwa bado limeegeshwa kivulini. Mbavu zilikuwa hazijaiva.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri ajabu. Kila nilipohitaji hewa nikaipata, kidude cha kupimia kupanda na kushuka kikalia pii-pii-pii, Gringa akatikisika na kupanda, nami nikaimba kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na wa kunikataza. Nilipita juu ya maghala, juu ya kanisa la San Baudilio, juu ya shule niliyosoma mama yangu akiwa mpishi. Yote madogo, yote mazuri. Nilijiuliza kwa nini huyu mwanamume, miaka yote, anarudi kutoka huku juu na kitu pekee anachosimulia ni kasi ya upepo.

Kisha, reli ikiwa inaonekana kabisa mbele yangu, hewa ikafa. Kidude kikabadilisha sauti, kikawa kinaguna. Nikaenda kushoto, kinaguna. Nikaenda kulia, kinaguna. Nikaita redioni, "Elvio, Elvio, niko karibu na Quiñones, nashuka," nikajibiwa na mikwaruzo tu, kama mafuta yanayokaanga. Nilikuwa chini mno kusikika, naye alikuwa mbali kuliko alivyopaswa kuwa.

Niliogopa, nasema wazi. Sikuogopa kufa; kulikuwa na malisho mazuri chini yangu, mapana, hayana nyaya, na Oreste amenifundisha kwamba shamba linachaguliwa mapema, kabla kiburi hakijachagua kwa niaba yako. Nilishalichagua. Niliogopa kushuka upande ule wa reli. Niliona Jumatatu ikija, Gringa akipakiwa, nami nikirudi kushika usukani wa gari maisha yangu yote yaliyobaki.

Basi ng'ambo kidogo ya malisho, trekta lilikuwa linalima ardhi kavu. Vumbi lake lilikuwa linakaa chini, linalala nyuma yake, mara likainuka. Likasimama, likajisokota. Nikajiambia, nakwenda pale, na nikikosa nageuka papo hapo na kushuka kwenye malisho. Nikaenda. Bawa la kushoto likasukumwa juu kana kwamba kuna mtu amelipiga bega. Nikaligeuzia bawa hilo hilo na kuzunguka, meno yameumana, pii, kimya, pii-pii, kimya, pii-pii-pii. Haikuwa hewa ya kujivunia. Ilinipandisha kidogokidogo kama mtu anayelipa deni kwa shingo upande, lakini ilinipandisha, na ilipokoma nilinyoosha pua kuelekea reli na kuivuka nikiona hadi misumari yake.

Nilitua kwenye shamba la pili baada ya reli, kwenye majani ya ng'ombe. Gringa akakimbia, akapunguza, akainamisha bawa moja na kutulia. Nikafungua kioo, nikakaa hapo hapo na kulia kwa furaha.

Bibi mmoja akaja mbio kutoka kwenye nyumba, ameshika birika na kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya kufyonza kwa mrija, nyuma yake ng'ombe kundi zima.

"Mwanangu, umeumia?"

"Sijaumia, mama. Nimefurahi."

"Injini imezima?"

"Haina injini."

Akaizunguka ndege, akainama kuchungulia puani, akasimama na mikono kiunoni. "Wamekuuzia bila injini nawe ukakubali? Una mume wewe?"

"Ninaye."

"Hakuwepo siku ya kununua?"

Jina lake Ercilia Quaglia. Nilimpigia Elvio simu, nikamwambia niko wapi, upande gani wa reli, nikalirudia hilo la upande mara mbili. Alipiga kelele ya furaha, ya kweli, kisha nikasikia kiti kikianguka na simu ikakatika. Ercilia na mimi tukanywa mate tukiwafukuza ng'ombe, maana ng'ombe hupenda kulamba kitambaa cha bawa, na wakishaonja hawaachi mpaka watoboe. Yeye aliwafukuza kwa aproni na matusi ya Kiitaliano. Nilimwona ni rafiki yangu kabla kibuyu hakijaisha.

Elvio alifika akipiga honi tangu barabarani. Akashuka, akanikumbatia, akaniinua, akalalamika mgongo. Jasho limemlowesha.

"Umeweza! Umeweza, mama wee! Haya, tumvue mabawa tuondoke."

Akaenda nyuma ya trela na kufungua mlango wake kwa madaha, mkono mmoja, kama mwenye duka. Akabaki pale. Mkono haukushuka.

Ndani ya trela kulikuwa na glaida. Nyeupe. Inayong'aa. Yake.

Klabuni trela mbili hukaa ubavu kwa ubavu, zote nyeupe: ya Gringa, tupu, na yake, iliyojaa. Alikuwa ameitembeza glaida yake mwenyewe kilomita hamsini za barabara ya vumbi, kama anayempeleka ng'ombe mnadani, na sasa hapakuwa na pa kumtia Gringa hata mkia.

"Elvio," nikasema polepole, "hukuhisi uzito?"

"Nilidhani ni upepo."

"Kwenye vilima hukuhisi?"

"Hakuna vilima, Delmira."

"Gari halikukuambia kitu ulipokanyaga breki?"

"Liliniambia. Sikulielewa."

Ercilia akachungulia ndani, akaniuliza kwa upole, "Ameleta injini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Elvio naye akacheka baadaye, kwa shida, akiwa bado ameushika mlango.

Kurudi kubadilisha trela kungemaliza mchana wote, na ng'ombe wale walikuwa wameshafanya kikao chao. Nikampigia Oreste. Haikupita muda mrefu tukasikia mngurumo, ndege ya kuvuta ikazunguka mara moja juu ya shamba na kushuka vizuri kabisa kandokando ya uzio. Oreste akatoka na kamba begani, akaangalia trela, akamwangalia Elvio, akawasha sigara. Nadhani sigara hiyo ndiyo iliyomuuma Elvio kuliko yote.

Tukamkokota Gringa mpaka mwisho wa shamba, nikageuka kutafuta kofia yangu, na nilipogeuka tena Elvio alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya kiti.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nairudisha. Wewe chukua gari. Shamba ni fupi, mama, na kuna nyaya kule mbele. Kuvutwa kutoka shambani si kama uwanjani."

"Nani ameileta hapa?"

"Wewe."

"Toa mguu."

Akamtazama Oreste, kama watu wanavyomtazama refa. Oreste akanigeukia mimi.

"Upepo?"

"Unatoka kule kwenye nyaya, unatupiga usoni."

"Ardhi?"

"Ngumu. Nimeitembea yote. Pale kwenye kinyesi kingi pana shimo, tupite kulia kwake."

"Tukifika kwenye mti ule hujaondoka chini?"

"Naachia kamba na kukanyaga breki. Sisubiri."

Oreste akavuta sigara, akaizima kwenye soli ya kiatu. "Rubani ni yeye," akamwambia Elvio, akaenda zake kwenye ndege yake.

Elvio akatoa mguu. Nilimsubiri anipe vidonge vyangu, kwa maana namjua, lakini alikuwa amenywea. Akanifunga mikanda ya mabega mwenyewe, akaivuta kupita kiasi, akailegeza.

"Unajua kwa nini nilifunga trela ile?" akasema, macho yake yako kwenye vifungo vya mikanda. "Niliita redioni, kimya. Nikaita tena, kimya. Nyama ikaniganda mdomoni. Simu yako ilipokuja nilifunga trela ya kwanza niliyoigusa. Nikiwa juu siogopi kitu, Delmira. Leo nilikuwa chini. Sikujua kuwa huku chini kuko hivi."

"Kuko hivyo."

"Kila mara?"

"Kila mara, Elvio."

Akafunga kioo, akakifuta alama ya kidole kwa mkono wa shati, akaenda kuinua bawa.

Glaida ikivutwa, lazima mtu ashike ncha ya bawa na kukimbia nayo mpaka ipate kasi ya kujisimamia. Kwa kawaida ni hatua chache tu, halafu unaachia. Elvio ana tumbo, na magoti yake hayana habari njema tena. Kamba ikakaza, Oreste akaongeza moto, tukaanza kwenda, nami kwa pembe ya jicho nikamwona akikimbia, mdomo wazi, kofia imeruka, ng'ombe wametawanyika, Ercilia anapunga aproni. Alikimbia kupita kinyesi, kupita shimo. Bawa lilikuwa limeshamtoka mkononi zamani, lakini yeye alikuwa bado anakimbia, mkono ameunyoosha.

Mti ukapita chini yangu, nyaya zikapita chini yangu, reli nayo ikapita. Tulipokwisha kupanda vya kutosha nikawasha redio. Kwanza nikasikia mlango wa gari, kisha mtu anayehema kama mvukuto.

"Delmira. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unaliona gari?"

Nikatazama. Lilikuwa limeshashika barabara, dogo, na trela yake nzito, vumbi refu nyuma.

"Naliona, Elvio."

"Basi wewe ruka tu," akasema. "Mimi niko hapa chini yako."