Kebo ya Kulia

Haya yaliyotokea Mungaa ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Anayebisha aje alione gari lenyewe, pikapu ya zamani iliyobaki na rangi ya bluu upande mmoja tu, amwone na mwenye banda la kuku, kisha arudi kwao na aibu yake.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, pikapu ya Hezekia iliondoka nyumbani bila dereva. Hezekia alikuwa ameiegesha kwenye mteremko wa uani kama siku zote, akavuta breki ya mkono, akaingia ndani kunywa chai. Chai haijafika kooni akaona gari linapita dirishani, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekwenda kanisani. Likashuka, likakata shamba la alizeti, likaingia kwenye banda la jirani yake Sikudhani. Hakufa kuku hata mmoja. Lililokufa ni banda. Kufikia jioni Hezekia alikuwa ameshawaeleza watu kwamba gari lilipiga honi mara mbili kuwaonya kuku.

Mkewe, Severina, hakucheka. Alisema fundi aje, ugonjwa wa gari ujulikane na utibiwe, la sivyo Jumamosi linauzwa kwa watu wa chuma chakavu. Na Severina akisema Jumamosi hamaanishi Jumapili.

Hezekia aliendesha magari ya watu miaka thelathini na moja mpaka akastaafu. Pikapu ile ndiyo iliyofanya bado aitwe dereva. Ilibeba magunia yake ya alizeti na ya majirani kwenda kukamua, na kila ilipopita watu walimpungia mkono. Ikiuzwa, angebaki na kiti na redio.

Shida ni kwamba ugonjwa wa gari aliujua. Aliutia mwenyewe.

Mwaka jana kliniki walimwambia sukari imepanda, aache vitamu vyote, asali ikiwemo. Severina akagawa asali yote ya nyumbani siku hiyohiyo. Hezekia akaitikia kwa unyenyekevu, kisha akachonga mzinga wa siri na kuutundika nyuma ya majabali, mbali na njia. Kamba ya kwanza ilitafunwa na nyegere. Waya uliofuata ukakatika. Ndipo akaikumbuka kebo ya breki ya mkono, chuma kilichosukwa kikasukika. Akalala chini ya gari, akaifungua ile ya gurudumu la kulia, na pale ilipotoka akafunga waya wa kufungia nondo ili ya kushoto iendelee kuvuta. Ikashika. Mwaka mzima gari lilisimama kwa mguu mmoja. Siku hiyo ya Jumanne, waya wa nondo ukachoka.

Fundi Idrissa alifika Alhamisi kwa pikipiki kutoka Unyambwa. Alikuwa mtu wa makamo, wa maneno machache, na fundi wa namna hiyo ni hatari kwa mwenye siri. Akatoa shikamoo, akasema chai baadaye, akaomba mawe mawili ya kuzuia magurudumu ya mbele.

Hezekia hakukaa. Alihamisha kiti kivulini, akakirudisha juani, akazunguka gari, akaenda kuwatazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote, akarudi. Idrissa akavuta mkono wa breki. Ukaja mpaka juu, mwepesi kama mwiko kwenye sufuria tupu. Akapiga jeki nyuma, akazungusha magurudumu huku Severina akivuta mkono. Yote mawili yakazunguka tu. Akaeleza kwamba lainingi za breki zikiisha, mkono bado unakuwa na uzito kidogo. Uzito ukikosekana kabisa, mtu atazame kebo.

Hezekia akaona amuwahi. Akaanza kusimulia alivyoushuka mlima Sekenke mwaka wa themanini na saba, lori limejaa vitunguu na halina breki hata moja, akafungua milango yote miwili ili ishike upepo, lori likatua bondeni kama kunguru. Kutoka chini ya gari Idrissa aliitikia "eh", "eh", lakini alikuwa haitikii hadithi.

"Mzee, kebo ya kulia haipo."

"Nyegere," alisema Hezekia, upesi mno. Akafafanua kwamba nyegere wa siku hizi wameharibika, wanapenda grisi, na juzi tu alimwona mmoja akitoka chini ya gari anajifuta mdomo.

Idrissa akajivuta nje, akakung'uta vumbi, akafungua kiganja. "Nati zimefunguliwa vizuri, zikarudishwa mahali pake. Basi nyegere huyo ana spana namba kumi na mbili."

Severina alizitazama nati, kisha akamtazama mumewe.

Fundi akasema kebo ya gari la umri ule haipatikani Singida mjini. Iagizwe Dar es Salaam, wiki tatu, kama ipo. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Severina akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya watu wa chuma chakavu. Hezekia akainuka, akakaa, akainuka tena. Akayaona akilini masega yake, meupe, yamejaa. Akakiona kile kiti na ile redio.

"Kuna jamaa yangu anayo," alisema.

"Jamaa gani?"

"Humjui. Anakaa kule majabalini."

"Majabalini hakukai mtu, Baba Noel."

"Amehamia."

Akaenda saa saba mchana, saa ambayo mwenye akili zake hagusi mzinga, tena bila moshi, maana moshi ungeonekana nyumbani. Kebo haikufunguka bila kuushusha mzinga, na mzinga haukushuka, ulianguka. Nyuki walimsindikiza mpaka kwenye alizeti.

Alirudi na kebo begani na jicho moja. Jingine lilikuwa limezibwa na uvimbe, na mdomo wa juu ulifika kabla yake. Akasema jamaa yake anafuga mbwa mkali. Severina akaipokea kebo, ikamganda vidoleni. Akanusa. Akabandua kipande cha nta, akakiweka juu ya boneti mbele ya fundi.

"Tangu lini?"

"Pasaka ya mwaka jana."

"Nimepanda gari hili kwenda mnadani kila wiki," alisema Severina, polepole. "Mwaka mzima. Nimekaa nyuma na magunia, umeliegesha kwenye vilima, huku unajua."



Severina akakata shauri palepale: gari linabaki, asali yote inakwenda kwa Sikudhani, na banda atalijenga Hezekia kwa mikono yake. Idrissa akaosha kebo kwa petroli, akaipaka grisi, akaifunga. Mkono ukashika kwenye mlio wa tano. Wakaondoa mawe, wakasukuma wote watatu, gari halikusogea.

Jioni, moshi ukiwa umetumika kama inavyotakiwa, ndoo mbili zilijaa asali. Hezekia alizibeba kwa miguu mpaka kwa Sikudhani, mkewe nyuma yake. Akasema kila kitu, kebo, waya, mzinga, na kwa mdomo ule mzito hakuweza kuongeza hata honi. Sikudhani akauonea huruma uso wake. Akaingia ndani, akatoka na kijiko, akakichovya, akamnyooshea, maana aliyeleta asali ndiye anayeonja kwanza.

Severina akakohoa.

Hezekia alikitazama kijiko kwa jicho lake moja, asali ikining'inia.

"Aonje Mama Noel," alisema, akainama kuokota fito za banda.