Mikato ya Kabati la Mama

Mimi ni seremala, mwaka wa ishirini na sita huu, na sikuzoea kufundishwa kazi na muuza dawa. Basi dada yangu mkubwa, mwenye duka la dawa, aliponiambia anamtengenezea mama kabati la ukutani la jikoni, tena analiundia juu ya meza ya kulia, nilicheka mpaka nikakohoa.

"Si ungeniita?" nikamwambia.

"Nilishakuita. Ukaleta lile."

Lile lilikuwa la milango ya kufunguka nje. Macho ya mama yameisha, anaona mwanga tu. Siku moja aliacha mlango wazi, akageuka, ukampasua paji la uso. Akashonwa nyuzi nne. Nikakata shauri kwamba mama haingii jikoni tena. Hakubisha. Alikaa sebuleni akisubiri kuletewa chai, na maneno yakampungukia siku hadi siku. Dada hilo lilimkaa rohoni. Tukakubaliana kwamba Jumamosi mama atapika chai peke yake kwa kabati jipya. Akiweza, jikoni ni pake. Akishindwa, ndiyo basi.

Ijumaa dada akiwa dukani, mama amelala, nikapita jikoni kulikagua, limeshatundikwa ukutani. Nililitafutia kasoro kama mama mkwe. Milango inateleza pembeni, haimtokei mtu usoni. Kona zote zimeviringwa. Nikapitisha kiganja juu, chini, mpaka ndani kabisa, sikupata hata kibanzi kimoja. Vanishi imepakwa mara tatu na kupigwa msasa kila mara. Nikaweka pimamaji, povu lake likatulia katikati kabisa. Wivu nilikuwa nao, sifichi.

Kisha nikaona ukingo wa rafu. Mkato mmoja, mbele kidogo miwili, mbele tena mitatu, utadhani panya amejaribu meno. Maskini dada, nikasema, patasi imemteleza. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa, nikagusia vanishi. Nikaondoka bila kumwambia mtu, nisimwaibishe.

Jumamosi mama aliingia jikoni mkono ukutani. Akasukuma mlango wa kabati, kidole gumba kikatembea ukingoni mwa rafu. Kikarudi. Kikaenda tena. Mikebe iliyopangwa rafuni yote ilikuwa ya aina moja, na mimi nikajiuliza dada alikuwa na akili gani. Mwishowe mama akachukua mmoja, akatia vijiko viwili kwenye kila kikombe.

Ilikuwa chumvi.

Mama akaonja, akaweka kikombe chini taratibu. "Nilidhani mikato nimeikariri," akasema. "Moja majani, mbili sukari, tatu chumvi. Kumbe hata vidole vinanidanganya sasa. Nirudisheni kwenye kiti."

Dada alikuwa ameshafika kwenye kabati, anapapasa ukingo. Akaniangalia. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Ningenyamaza, ningekuwa nimeshinda.

"Mama, vidole vyako vizima," nikasema. "Mikato nimeiziba mimi. Nilidhani ni makosa."

Mama akanigeukia. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, "ila wewe mwanangu itabidi uambiwe."

Dada akanipa patasi. "Fumba macho upapase kwanza," akasema. "Mimi kabati zima nimelipiga msasa nimefumba." Nikafumba. Hapo ndipo nilipolijua lile kabati. Kila mahali mkono ulipoenda, dada alikuwa ameshapita kabla yangu. Nimejenga makabati ya watu wakubwa, na sijawahi kujenga hivyo.

Nikachonga upya. Mama akapitisha kidole gumba, moja, mbili, tatu, akatoa mkebe wa pili bila kusita na kupika chai nyingine. Akammiminia dada, akajimiminia na yeye.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe malizia ile yako," mama akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikamsikia anacheka.

Nikaimaliza yote.