Maboksi Thelathini na Mawili

"Upande wangu huo, Baba Kitinda! Mkono wako ulifuata nini upande wangu?"

Mama Kitinda alikuwa ameliinua godoro kwa bega, anahema. Mfuko wa nailoni wenye hati ya kiwanja ulikuwepo, umelala zake juu ya chaga kama kawaida. Cheti ndicho hakikuwepo. Mzee Kona, mumewe, alisimama mlangoni na brashi ya gundi mkononi, tone la uji wa ngano likamdondokea kidole cha mguu, wala hakulisikia.

Godoro lile lilikuwa na kazi mbili mbali na kulaliwa. Upande wa ukutani ulikuwa wa mzee, ndipo aliponyooshea karatasi zake za kutengenezea maboksi. Kalenda za mwaka jana, kadi za mialiko, majalada yaliyotupwa na maofisi, vyote humjia vimejikunja kama mbwa wa baridi, na dawa yake ni kulaliwa siku tatu. Vikitoka hapo vimenyooka, unaweza kuvipigisha gwaride. Upande wa mlangoni ulikuwa benki ya Mama Kitinda, maana kabati linavujiwa na sanduku lina panya. Miaka thelathini na mmoja kila mtu na upande wake, na hakujatokea ugomvi wa mpaka.

Sasa cheti cha Kitinda, mtoto wao wa mwisho, kilikuja kutoka chuo cha uuguzi kimeviringishwa kama mkeka. Mama akasema, acha kinyooke kidogo. Akakilaza upande wake, kitupu, bila bahasha, akakilalia kwa raha zote. Kumlalia mtoto wake muuguzi! Alilala usingizi wa watu waliomaliza kulima.

"Mimi niliona kadi ngumu," mzee alisema polepole. "Nilijua yangu imeteleza ikaenda kwako. Godoro lenyewe lina bonde."

"Bonde! Karatasi imetembea kwa miguu yake?"

"Kalenda zilikwisha, Mama Kitinda. Mama Keki alitaka maboksi thelathini na mawili, na kila boksi lazima liwe na kitako kigumu, keki isije ikadondoka."

Kitinda aliingia akitokea uani, gauni lake la bluu limepigwa pasi mpaka linakata. Usaili wake wa kazi hospitali ulikuwa siku hiyohiyo, saa nane mchana. Tangazo lilisema uje na cheti halisi, kwa herufi kubwa, na fotokopi hazipokelewi. Akawatazama wazazi wake, akalitazama godoro, akacheka.

"Baba anatania."

Mzee hakutania. Tatizo ni kwamba yeye hakukiona cheti kile uso kwa uso. Mkunja karatasi huchora mistari mgongoni, pale peupe, sura nzuri inatazama chini. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofanya. Alipiga rula katikati, akapiga tena kukata ile ya kwanza, ukawa msalaba, akapitisha wembe. Kadi moja, vitako vinne. Aliipenda hata. Ilikuwa kavu, inalia vizuri kwenye wembe. Kadi yenyewe ilikuwa na kasoro moja tu.

"Ilikuwa na kijipu," alisema.

"Kijipu gani, baba?"

"Pembeni kule chini. Kimevimba. Nikasema hiki kitafanya kitako kiyumbe. Nikakisugua na mgongo wa kijiko mpaka kikalala."

Kitinda alikaa kitandani, kwenye chaga tupu.

"Huo ni muhuri wa chuo, baba."

Mama aliliachia godoro likaanguka sakafuni puu. Mzee alitaka kusema samahani. Ukimkanyaga mtu mguu unamwambia samahani. Hili la leo unaliitaje?

Kitinda ndiye aliyeinuka kwanza. "Mimi naenda ofisini kwao, hospitali, kuomba wanipe siku mbili. Baba, maboksi yako wapi?"

"Ukumbini. Mama Keki aliyachukua jana jioni. Harusi ni leo mchana."

"Basi nenda. Hata vipande, niletee."

Mzee alitia wembe, rula, brashi, kopo la gundi na majalada mawili meupe magumu kwenye mfuko, akatoka mbiombio kama mtu anayejua aendako. Moyoni alikuwa anajua vizuri. Anaenda kuokota kitu ambacho amekwisha kukikata mwenyewe.

Mtaani wanamwita Mzee Kona kwa sababu ya wimbo wake mmoja. Zawadi ni kona, husema. Karatasi ikiwa ya dhahabu na kona imelegea, umempa mwenzako matambara. Ikiwa ya mfuko wa saruji na kona imekaa, umempa heshima. Na mifuko ya saruji ndiyo anayoitumia zaidi. Anachukua tabaka la ndani lililo safi, analikung'uta, analipiga pasi ya mkaa, kisha anagonga maua kwa kiazi alichokichonga kwa kisu na kukichovya kwenye rangi. Ua moja jekundu, ua moja la kijani, na utepe wa katani. Watu wakishika wanauliza imetoka nchi gani.

Ukumbini meza ndefu ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake maboksi yake yamejipanga, maua ya viazi yanachekelea. Yamekwisha kujazwa keki. Mama Keki, mwanamke wa sauti, alikuwa anawafokea watu wa viti.

"Mzee Kona! Umekuja kula kabla ya bibi harusi?"

"Dada yangu, nataka kufungua maboksi."

"Kufungua?"

"Vitako. Vinne tu. Lakini sijui ni vipi."

Akamweleza. Mama Keki mwanzoni alikuwa na mkono kiunoni, kadiri maneno yalivyokwenda mkono ukashuka, mwishowe akauweka mdomoni.

"Yallah. Cheti cha yule msichana mpole?"

"Huyohuyo."

"Sasa mzee, wageni wanaingia saa saba. Haya yote unayafunguaje? Wewe mwenyewe ndiye unayejisifu boksi lako haliachii."

Na ndivyo ilivyo. Boksi la Mzee Kona limekunjwa mara mbili chini, likatiwa gundi ndani na nje. Mtoto anaweza kulikalia. Siku zote hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na leo alisimama mbele ya fahari yake kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba.

Akaanza na kidole gumba. Aliinua boksi la kwanza kwa adabu, keki isijue, akabonyeza chini. Kadi ya kalenda ina mafuta mafuta, inarudisha kidole. Akaliweka. La pili, kalenda. La tatu, jalada. La nne, kalenda. Mama Keki alimfuata nyuma akinyoosha tepe, kila mzee anapoweka boksi yeye anauliza, "Siyo?" na mzee anatikisa kichwa, mpaka watu wa viti wakaacha viti wakaja kutazama.

La kumi na moja lilikuwa kavu. Kidole kilizama kidogo hakikurudi. Akaligeuza, Mama Keki akaishika keki kwa viganja viwili kama mkunga, mzee akapitisha wembe kwenye ukingo. Kipande kikatoka. Upande mmoja mweupe, na mistari yake ya penseli. Akakigeuza, na kwa mara ya kwanza akauona uso wake. Mapambo ya dhahabu pembeni, na maandishi yaliyolala kama nywele zilizochanwa. Kusoma kwake ni kwa kudonoa. Akadonoa, akakuta nusu ya jina la mtoto wake.

"Lipo," alisema.

La kumi na tisa likatoa nusu nyingine ya jina. La ishirini na sita likatoa kona ya chini yenye tarehe, siagi imekwisha kuipiga doa kubwa kama sarafu. Kila alipotoa kipande alikata kitako kingine kwenye jalada, akakitia, akabandika. Hakuweza kumwachia mtu boksi bovu. Mikono haikumruhusu.

Akafika mwisho wa meza. Akarudi mwanzo. Akahesabu.

"Haya ni thelathini."

Mama Keki aliyahesabu tena kwa kidole. "Mawili niliyapeleka asubuhi kwa wazazi wa bwana harusi, waonje."

"Wako wapi?"

Akapiga simu palepale. Mzee alisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, keki, ee, asanteni… Hapana, maboksi yake. Maboksi… Ahaa… Gari limepita saa ngapi?… Haya." Akaishusha simu, akaitazama, kama ndiyo yenye makosa.

"Wamesema keki ilikuwa tamu," alisema. "Gari la taka limepita saa tatu."

Kitinda aliwakuta hivyo, baba kwenye kiti cha wageni, vipande vitatu mapajani. Ofisini walimwambia orodha inafungwa leo saa kumi jioni, na waliobaki watangoja mwaka mwingine. Na chuo kukupa cheti kingine, miezi minne, mitano, wakiamka vizuri. Aliyasema hayo amesimama. Kisha akaona vipande.

"Kipi hakipo?"

"Kile chenye kijipu," mzee alisema.

Wakafanya kazi. Hakukuwa na jingine la kufanya. Mzee alikata jalada jeupe kwa ukubwa wa cheti kizima, akapaka gundi nyepesi, nyepesi mno isije ikavimbisha, akavilaza vipande vitatu kila kimoja mahali pake. Akavisogeza kwa ncha ya kucha. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa mkono mtulivu kama ile. Jina likaungana, herufi ikaingia kwenye herufi. Pembeni chini kulia pakabaki peupe, pametulia, kama jino lililong'oka.

Mama Keki aliinama kutazama. "Mzee," alinong'ona, "wewe si unachonga viazi? Jikoni vipo."

Vidole vya mzee vilikwisha kumsikia, na vilikwisha kuanza kupima duara. Angeweza. Duara, maandishi ya kuzunguka, mwenge katikati, kama mihuri aliyoiona kwenye majalada ya maofisi. Kisu chake kimechonga maua magumu zaidi ya hayo. Katika dunia nzima, dawa pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ile.

"Hapana, baba," Kitinda alisema. Hakufoka. Aliushika mkono wa baba yake, akaurudisha kwenye brashi. Kisha akainua cheti juu, akakipeleka kwenye mwanga.

"Angalia, mstari hauonekani hata kidogo. Baba, umeweza."

Bora angemtukana.

Hospitali haikuwa mbali. Walitembea, binti amekibeba cheti mbele kwa mikono miwili kama sinia, upepo usikiguse. Getini mlinzi alisema wanaoingia ni waliotajwa peke yao.

"Mimi ni baba yake."

"Hata sisi wengine tuna baba, mzee. Kaa hapo kwenye benchi."

Benchi lilikuwa linatazama dirisha la ukumbi wa usaili. Kupitia kioo mzee aliuona mstari wa vijana, wasichana na wavulana, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, na mbele kabisa meza ya mama mmoja anayekagua vyeti, miwani puani. Anapokea, anageuza, anapitisha kidole pembeni chini kulia, anagonga, anasema mwingine. Kila cheti kidole kinapita palepale.

Kitinda alikuwa wa tisa. Akawa wa sita. Akawa wa tatu. Mzee akasimama kwenye benchi, mlinzi akamwambia akae, akakaa, akasimama tena.

Akawa wa kwanza. Mama wa vyeti akanyoosha mkono bila kuinua macho. Kitinda alikitazama cheti, akapuliza kidogo pale palipoungana, akamgeukia kijana wa nyuma yake akasema neno. Kijana akashangaa, akampita. Akamgeukia na mwingine. Yule naye akampita. Mzee hakusikia sauti, aliona midomo tu, na mkono wa kushoto unaowaonyesha watu njia, kwa heshima, kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Pita wewe. Pita tu, dada. Bado hakijakauka.

Mstari nyuma yake ulikuwa umebaki na watu wanne.